Kishikwambi cha Saumu

Kati ya vishikwambi vyote vya ng'ambo pale dukani, Raya alitaka cha bei nafuu, chenye kioo kikubwa, awaonyeshee wateja wake mishono. Saumu, shoga yake muuza duka, akamchagulia kimoja.

"Hiki nilikuwa nakitumia mwenyewe, shoga. Picha zangu nimeshafuta. Na siku moja unikaribishe, hata kwako sipajui!"

Nyumbani, Raya alikiwasha, akamwita mumewe aje kukiunganisha na waifai. Neno la siri Badi alilibadilisha mwezi uliopita, Raya akiwa kwao anamuuguza mama yake, na tangu hapo hampi mtu, hata wadogo zake mwenyewe.

"Nakuja," Badi aliitikia kutoka bafuni.

Hakuwahi. Kishikwambi kililia chenyewe, na juu ya kioo likatokea jina la waifai ya nyumba yao. Kimeshaunganishwa.

Raya alilisoma lile jina mara mbili. Akakaa.

Badi akatokea anajifuta mikono. "Haya, lete nikuandikie."

Raya akampa kwa mikono miwili, kisha akatulia kumtazama usoni.

"Andika, mume wangu."