Sufuria Iliyopinduliwa

Mizinga ya Waaustria ilinguruma ng'ambo ya mto Danubi, na askari wa Sultani walikuwa wamekaa chini, wamekunja miguu, wanapiga soga.

"Mmekaa?" aliuliza Behram Agha, naibu wa Kenan Pasha, mkuu wa jeshi, asiamini macho yake.

Mzee Yakup, askari mkongwe, alimwonyesha jikoni kwa kidevu. Sufuria kubwa ya shaba, inayolisha kikosi kizima, ilikuwa kifudifudi, supu ya dengu imetapakaa majanini. Askari wakipindua sufuria wamekataa chakula cha Sultani, na hawapigani tena mpaka watimiziwe madai yao au wapewe kichwa cha mkubwa.

"Mnadai nini?"

"Kumbe hujui?"

"Sijui."

"Unaona? Ndiyo maana tumegoma."

Yakup mwenyewe hakujua. Kila kundi lilidhani sufuria imepinduliwa na kundi jingine, na kuuliza ni kukiri kwamba hukushirikishwa. Aibu hiyo nani aibebe?

"Tuletee Kenan Pasha," alisema Yakup. "Asipopatikana mpaka alasiri, tutachukua kichwa chako, mwanangu. Si kwa ubaya."

Behram alihaha hema kwa hema. Wapishi walikuwa wametimka zamani. Mlinzi mmoja alisema alimwona Pasha asubuhi, mzinga wa kwanza ulipolia, akienda mbio kuonja supu. Baada ya hapo, hakuna aliyemtia machoni.

Alasiri mizinga ilinyamaza. Waaustria walikuwa wamepiga siku nzima watu wasiojisumbua hata kusimama, wakaona huo lazima ni mtego. Wakakunja bendera, wakaondoka.

"Tumeshinda, tena kwa kukaa," alisema Yakup kwa furaha, akimpapasa Behram shingoni. "Lakini mgomo ni mgomo. Pasha yuko wapi?"

"Wallahi sijui, mzee wangu."

"Basi tusicheleweshane, watu wana njaa. Kairudishe sufuria. Desturi ni desturi: anayekufa ndiye anayeiinua, wenzake wale."

Behram alikwenda jikoni. Alimkumbuka mama yake kule Edirne, akatamka shahada, akashika ukingo wa shaba kwa mikono miwili na kuinua.

Kenan Pasha alikuwa amejikunyata ndani, magoti kidevuni, dengu zimemganda kwenye ndevu.

"Funika upesi, mwanangu," alinong'ona. "Wakituona hao Waaustria, tumekwisha."