Skafu Juu ya Kiti Kitupu

Picha ya tatu kutoka kwa mumewe ilipoingia simuni, Tumpe aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama skafu, akaikuza tena.

Uwanja wenyewe hakuujali. Kwake viwanja vyote vya Uskochi vilikuwa kimoja: nyasi, mvua, mabati, na taa juu ya milingoti mirefu. Mumewe, Ambakisye, ndiye aliyevijua kwa majina kama babu ajuavyo wajukuu. Alisoma Aberdeen ujanani, akatoka huko na shahada na maradhi ya mpira. Tangu hapo kila likizo aliipeleka kwenye viwanja vile, kuviona na kuvipiga picha. Alikuwa na desturi moja asiyoivunja. Kabla ya kupiga picha huitandaza skafu yake ya rangi ya damu ya mzee juu ya kiti kitupu, asije mtu akasema kwamba picha ameiokota mtandaoni.

Skafu hiyo Tumpe aliifahamu kuliko viwanja. Majira ya baridi yaliyopita aliiunguza kwa pasi, akaliziba tundu kwa uzi wa buluu, kwa kuwa uzi wa rangi yake aliukosa katika maduka yote ya Maple Grove, kitongoji chao kando ya Minneapolis, Marekani.

"Vizuri," Ambakisye alicheka siku ile. "Sasa hata ikiibiwa Glasgow nitaitambua."

Katika picha hii skafu ilikuwa nzima. Tumpe akairudia ya pili, akairudia ya kwanza. Nzima. Uzi wa buluu haukuwamo.

Picha zilikuwa za zamani. Basi mwenye picha yuko wapi?

Hapo ndipo alipoukumbuka ule ujumbe. Alipokuwa akimpangia nguo sandukuni, simu ya mumewe iliwaka juu ya kitanda, naye akasoma bila kukusudia: "Jumatatu usichelewe. Nitakungoja mlangoni. Euphrasie." Hakuuliza kitu. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, ambaye damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa juma, huliogopa jibu kuliko swali.

Na Jumatatu ndiyo siku aliyopangiwa kupasuliwa.

Miaka miwili alikuwa akingoja figo. Madaktari walishauri waanze kutafuta kwa watu wa nyumbani. Akakataa kwa kiapo. Kaka yake alifia juu ya meza ya upasuaji, naye hakuwa tayari kumlaza mwingine pale kwa ajili yake. "Figo ya mtu wa nyumba hii siipokei," aliwaambia. "Atakayejaribu nitamkataa mbele ya daktari." Mwezi uliopita hospitali ya Minneapolis ikampigia: amepatikana mtu mzima wa afya, ila hataki kutajwa jina. Tumpe akamwombea kwa Mola mtu asiyemjua. Kisha Ambakisye akaja na habari yake: tiketi ya Uskochi haibadilishiki, lakini Jumapili jioni atakuwa nyumbani.

Sasa ilikuwa Jumamosi. Akampigia.

"Baba Careen, uko wapi?"

"Arbroath, mke wangu. Bahari inaupiga ukuta wa uwanja, nimelowa chepechepe."

"Mbona siisikii hiyo bahari?"

"Ah! Tangu lini wewe ukawa mtu wa mpira?"

Nyuma ya sauti yake kengele ililia mara mbili. Tumpe aliijua kengele ile. Ilikuwa ya treni ya mjini, ipitayo katikati ya Minneapolis.

Jumapili haikumleta mtu. Ilileta ujumbe kwamba ndege imezuiwa na ukungu. Tumpe akaingia jikoni, alikokuwa binti yake akiosha vyombo.

"Careen, baba yako ananidanganya. Yumo humu humu mjini."

"Mama, plizi. Kesho una operesheni. Pumzika."

"Kuna mwanamke. Anaitwa Euphrasie."

Sahani ikamponyoka Careen, ikavunjika. Akainama kuokota vipande, akavikusanya kimoja kimoja, na uso hakuuinua.

"Nikifia mezani," Tumpe alisema, "mwambie kwamba nilijua."

Asubuhi ya Jumatatu walikwenda hospitali, mama na binti. Kisu hakikumtia Tumpe hofu tena. Hofu yake ilikuwa kuamka, aone kiti cha kando ya kitanda hakina mtu, na ajue kwamba hakitakuwa na mtu siku zote zilizobaki.

Walimvika joho la wagonjwa, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi akaja, mwanamke mnene wa makamo mwenye lafudhi ya Bukavu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, karibu sana. Usiogope kitu. Miye naitwa Euphrasie. Niko pamoja na nyinyi mpaka mwisho."

Tumpe akauvuta mkono wake kama aliyeshika kaa la moto.

"Mume wangu umemweka wapi?" alinong'ona.

Euphrasie akamtazama Careen. Careen akaitazama sakafu.

"Mama, twende," muuguzi akasema polepole. "Ule mwenye kukupa figo alikwisha kuingia ndani. Asikungoje."

Kitanda kikaanza kusukumwa. Mlango wa chumba cha jirani ulikuwa wazi, na ndani yake shuka za kitanda zilikuwa bado na alama ya mtu aliyeondolewa punde. Juu ya kiti kitupu, kando ya dirisha, ilikuwa imetandazwa skafu ya rangi ya damu ya mzee. Na ukingoni mwake, uzi wa buluu.