Kikombe cha Kenji

Siku hizi, ukimmiminia mwenzako kinywaji, bangili uliyovishwa mkononi na serikali hupiga kelele kuita askari, nawe hukatazwa kula mezani na watu maisha yako yote. Kwenye mkahawa wa Kijapani pale Upanga, katikati ya moshi wa mishikaki, Bi Saumu alimwona Kenji, mwenye mkahawa, na kikombe kitupu. Kwa desturi ya kwao mtu hajimiminii. Humiminiwa na aliye karibu.

"Hunywi, mwanangu?"

"Nimezoea, bibi."

"Umezoea kiu? Acha hizo!"

Akanyanyua birika, akammiminia. Bangili ikalia. Watu wa meza ya jirani wakamiminiana, kisha mkahawa mzima ukalia kwa bangili na vicheko. Mlango ukajifunga wenyewe, kuwazuia mpaka askari wafike.

Bi Saumu akasogeza kikombe chake. "Nami nimiminie, Kenji. Wakija watukute tunakunywa."