Sauti ya Pili

Sheria ilisema nyumba ya mtu mmoja haistahili paneli za jua. Zing'olewe, wapewe wenye familia. Mita ya ukutani ndiyo iliyosikiliza kila siku kama sauti ni mbili. Kwa Mama Chausiku, ya pili ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyezifunga paneli zile kwa mikono yake. Yalibaki maneno yake machache tu, yaliyorekodiwa kwenye simu, na mama aliitegesha simu hiyo chumbani iyaseme kila siku saa saba mchana.

Siku hiyo mkaguzi wa umeme alibisha hodi saa saba kasorobo.

"Baba yupo?"

"Yupo chumbani, anaumwa. Karibu chakula, mwanangu."

Mkaguzi akanawa, akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi wa kunde. Akaacha kutafuna.

"Samahani, mama. Umesahau chumvi?"

Kabla hajajibiwa, sauti ikatoka chumbani: "Mama Chausiku, leo chumvi imezidi."

"Nisamehe, Baba Chausiku," mama akaitikia, kama alivyoitikia kwa miaka minne. "Kesho nitapunguza."

Mkaguzi akautazama mlango wa chumbani, kisha sahani yake.

"Ataridhika tu," mama akamwambia, akimwongezea mchuzi. "Kila siku napunguza kidogo."