Simwamini

Kila mtu alivaa kidude nyuma ya sikio, nacho kiliandika hisia aliyoipata mara ya kwanza alipomwona mwenzake. Kilichoandikwa hakikufutika, na ofisi zote zilikifuata.

Siku Nyamizi alipopelekwa kwa mama mkwe wake, Kalunde, alichelewa na alikuwa amelowa mvua. Kidude cha Kalunde kikaandika: simwamini.

Miaka kumi na tisa ilipita. Mume wa Nyamizi alifariki, na Nyamizi ndiye aliyemwogesha mkwe wake, akamsuka nywele na kumpondea viazi. Macho ya Kalunde yalipotaka upasuaji, walikwenda pamoja hospitalini, ambako kila mgonjwa alihitaji msimamizi wa kumsainia.

Karani alisoma skrini, akamgeukia Nyamizi. "Mama, wewe huwezi kumsimamia. Bibi huyu hakuamini wewe."

"Mwanangu," Kalunde akasema, "mimi ndiye niliyemwona, na nakwambia namwamini."

"Hiyo ni ya leo, bibi. Sisi tunasoma ya kwanza." Karani akatafuta tena. "Yupo Masele. Huyo ulimwamini."

Masele alikuwa binamu wa marehemu. Alikuja kwao mara moja akiwa na shati safi na maneno matamu, akaondoka na ng'ombe wao wanne.

Nyamizi akampigia Masele simu.

Masele alifika kabla ya adhuhuri, akasaini bila kusoma. Karani akamweleza kwamba sasa yeye ndiye msimamizi wa bibi katika kila jambo, mpaka bibi atakapofariki.

"Hakuna shida," Masele akasema, akitabasamu.

Nyamizi akamshukuru. Kisha akainama, akamvua mkwe wake viatu, aingie kwenye upasuaji.