Picha ya Nne

Adabu haifundishwi kwa vikatuni, bibi alishasema. Lakini mkwewe, mama wa mtoto, alichora tu, picha nne za jinsi ya kuamkia, nyuma ya kalenda ya mwaka 1996, maana Aikaeli, mjukuu wa miaka saba, maneno matupu hayakumwingia, na akiguswa alipiga mayowe.

Leo mtoto alizipitia picha kwa kidole, akamsogelea bibi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

Bibi akanyoosha mkono wenye madoa ya utomvu wa ndizi, amguse utosini kama desturi. Mtoto akajikunyata.

Ndipo bibi akaiona picha ya nne. Humo mkono wa bibi ulichorwa hewani, juu ya kichwa cha mtoto, haukugusa.

Akauacha mkono wake hapohapo, hewani. "Marahaba, mjukuu wangu."

Mkono ukaanza kuchoka. Hakuushusha.

Aikaeli akainuka kwa vidole vya miguu, mpaka nywele zikagusa kiganja.