Kiti cha Mwenye Hasara

Kiti kililia sebuleni kabla ya alfajiri, kama kinavyolia mtu akikikalia. Bi Nambua akainjika chai.

Kampuni ya marehemu mumewe ilitoa bima kwa kampuni za bima, za hapa na za ng'ambo. Katika kila kikao chao kiti kimoja kiliachwa kitupu, cha mwenye hasara: mtu wa mbali aliyeunguliwa na nyumba, wasiyemjua hata kwa jina. Jana wamiliki wapya walikitupa. Ndegela, dereva wa kampuni, akakiokota, akakifuta vumbi kwa shati lake, akamletea Bi Nambua.

Alfajiri alipopita kumjulia hali, alisita mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mbona kunanuka moshi?"

"Marahaba. Amekuja mwenye hasara mwenyewe."

Ndegela akakitazama kiti. Mto wake ulikuwa umebonyea, na hapakuwa na mtu.

"Mama, nikakichome!"

"Ameshaungua mara moja, baba. Inatosha. Kule wamemfukuza, na hapa pia?"

Akaweka kikombe cha chai mbele ya kiti. Mvuke ukainama upande, kama unapulizwa na mtu. Kulipopambazuka, mto ukainuka taratibu.

"Uje tena, mwanangu," Bi Nambua akasema, na Ndegela hakujua ni nani kati yao aliyeambiwa.